Ndege ya Nauli ya Basi

Nina ng'ombe wangu, akisimama ananila, akitembea ananilisha. Ukishindwa nipe mji, ila usinipe wa mbali, maana magoti yangu siku hizi hayapendi safari.

Jibu ni ndege. Si ndege yangu, wala si ya mjukuu wangu, ingawa kwa jinsi alivyokonda kwa ajili yake ungedhani kaizaa mwenyewe. Huyu mjukuu ni mtoto wa binti yangu, na nyumbani tunamwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu tangu alipojua kutambaa ukimweka hapa unamkuta kule. Alisoma, akaajiriwa na shirika kubwa la ndege. Kazi yake haikuwa angani. Yeye ndiye aliyesimamia ndege ikishatua: abiria washuke, taka zifagiliwe, mafuta yaingie, wengine wapande, mlango ufungwe. Alikuwa na koti la kung'aa na mshahara usiochelewa. Kisha akaacha kazi hiyo akaenda kwa Bei-Chee.

Bei-Chee ni mfanyabiashara. Alianza na viatu. Aliviuza kwa bei ya chini kuliko duka lolote, wenye maduka wakamcheka, mwisho wakawa wanakwenda kununua kwake. Safari hii alikodi ndege moja akabandika mabango mji mzima, herufi kubwa kama milango: RUKA KWA NAULI YA BASI. Akamwajiri Kiguu awe msimamizi wake wa chini, yaani mkubwa wa kila kinachofanyika ndege ikiwa haiko juu.

Mwanangu wa kiume, mjomba wake Kiguu, aliposoma bango lile alikuja nyumbani akicheka tangu barabarani. Yeye ni dereva wa basi mstaafu na jina lake la kazi ni Breki.

"Nauli ya basi," akasema, hajakaa hata chini. "Sasa ikizima huko juu, tutashuka kusukuma?"

"Cheka, Mjomba," Kiguu akamwambia. "Tiketi ya kwanza nakukatia wewe."

"Mimi nina watoto."

"Watoto wako wote wameshaoa na kuolewa."

"Basi wasije wakarithi deni la mazishi."

Nikawaambia wakae wanywe chai, na mimi nikamwomba Kiguu anieleze biashara hiyo taratibu, kama anayemweleza mtu wa darasa la saba, maana ndilo nililoishia. Akanieleza vizuri. Ndege ile ni ya kukodi. Iruke isiruke, mwenye nayo anataka chake. Ikikaa chini inakula, ikiruka imejaa watu inalipa. Kwa hiyo mwenye nauli ndogo hana ujanja mwingine ila kuirusha mara nyingi. Bei-Chee kapiga hesabu ya safari sita kwa siku, za kwenda na kurudi. Zikiwa sita, nauli ya kwenye bango inasimama. Zikipungua, inaanguka. Na ili ziwe sita, kila ndege inapotua lazima iwe imeondoka ndani ya nusu saa.

"Nusu saa kaitoa wapi?" Breki akauliza.

"Kwa mashirika ya mbali huko. Wenzetu wanaweza."

"Na sisi?"

Kiguu akazungusha kikombe chake mezani. Ndipo akatoa lililomleta. Ratiba ilitakiwa ipelekwe kwa wakubwa wa uwanja Jumatatu, na haiendi bila sahihi ya msimamizi wa chini, mtu anayesema naam, ndege hii itageuka kwa muda huu. Mtu huyo ni yeye. Akiweka sahihi na ndege isiwahi, ucheleweshaji wa asubuhi unaikalia ya mchana, ya mchana inaikalia ya jioni, na abiria wa mwisho wanalala uwanjani na watoto wao. Asipoweka, hana kazi, na kule alikotoka kiti chake kimeshapata mwingine.

"Moyo unaniambia nusu saa haitoshi," akasema. "Lakini siwezi kwenda kwa bosi na habari za moyo. Huko nilikotoka abiria walikuwa watu wa ofisini, wamezoea, wanaingia kimya kama wanaingia benki. Abiria wa Bei-Chee si hao."

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Ni nyie, Bibi."

Kuijaribu kwenye ndege yenyewe haikuwezekana, kwa sababu hata kuifungua mlango tu ilikuwa na gharama zake. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndege ikajengwa uani kwangu.

Jirani yetu mmoja hukodisha viti vya plastiki vya shughuli, tunamwita Mzee Viti. Alivileta kwenye mkokoteni akiuliza njia nzima nani anaoa. Kiguu akavipanga vitatu huku na vitatu huku, katikati akaacha njia aliyoipima kwa kamba, nyembamba kweli, mtu mnene anapita ubavu. Kuta za ndege akazichora chini kwa majivu. Mlango ulikuwa ngazi za baraza. Halafu akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba ndugu na majirani waje kama wanasafiri kweli, wasiigize, na kila mmoja aje na mkoba mdogo mmoja kama tiketi inavyosema.

Breki alikuwa wa kwanza kufika, kavaa shati lake la zamani la kazi, akaenda kukaa mbele peke yake.

"Mjomba, wewe ni abiria."

"Mimi nimeendesha magari yenye injini. Viti vya plastiki vitanishinda?"

Kiguu akamwacha awe rubani.

Sisi wazee tukapandishwa kwanza na kukalishwa mbele, kwa heshima na kwa sababu ya magoti. Mimi nikapewa kiti cha pembeni mwa njia, safu ya kwanza. Nilifurahi. Nikatandaza kanga yangu vizuri nikatulia. Kiguu akatazama saa yake, akanyanyua mkono, na vijana wakaanza kuingia.

Wa kwanza alikuwa kinyozi wa pale kona. Akafika usawa wangu, akainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mama mguu wake vipi?"

"Unaendelea, Bibi. Juzi kaanza kukanyaga."

"Mwambie asikae sana na maji baridi."

Akageukia aliyekaa kando yangu. "Shikamoo, Mzee." Akaenda wa tatu, akavuka upande wa pili, shikamoo, shikamoo, na kila mzee ana lake la kuuliza. Nyuma yake kukawa na muuza magazeti, naye akaanza na mimi. Nyuma ya huyo mkwe wa Mzee Viti, ambaye hatujaonana tangu ajifungue, na mtoto hawezi kupitishwa hivi hivi bila kushikwa. Mstari ukatoka barazani ukafika getini, ukaota mkia hadi barabarani.

Binti wa fundi cherehani, msichana mwenye akili, akaona hali. Akainamisha kichwa akanipita kimya ili kumsaidia Kiguu. Nikamwita.

"We binti, siku hizi hatujuani?"

Akarudi. Katika kurudi akamkanyaga mmoja, akamwangushia mwingine miwani, akapiga goti. "Shikamoo, Bibi. Nisamehe." Nikamwitikia, nikamuuliza ya nyumbani. Nilimwona Kiguu kule nyuma kafumba macho, nikadhani ni jua.

Mizigo nayo ikaingia. Dada wa Mzee Viti alikuwa na mkoba mdogo mmoja, sawa kabisa, pamoja na ndoo yenye mfuniko, blanketi na sufuria mbili zilizofungwa kwa kitambaa.

"Shangazi, tulisema mkoba mmoja," Kiguu akamwambia.

"Ndio huu."

"Na hivyo?"

"Hivyo si vyangu. Nimeagizwa."

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Kila mmoja alikuwa na chake na cha kuagizwa. Ndiyo sisi. Mtu akisikia unasafiri anakuja na furushi lake, na wewe huwezi kumwambia hapana, kesho utasafiri na yeye ndiye atakayebeba lako.

Alipokaa wa mwisho, birika langu jikoni lilikuwa limekauka maji na limeanza kunuka. Breki alikuwa kalala mbele, mdomo wazi.

"Rubani," mtu akamwita, "tumefika?"

"Bado hatujaondoka," akajibu bila kufumbua macho. "Rubani anaomba ruhusa akaoge."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Kiguu hakucheka, wala hakukasirika. Aliandika kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu, akafuta jasho, akasema, "Tunashuka wote. Tunarudia."

Wakarudia. Safari hii alikwenda kuondoa mabati mawili ya uzio upande wa nyuma, tukawa na mlango wa pili. Vijana wakaingia kwa nyuma, wakajaza huko huko. Wazee tukaingia kwa mbele, mwisho kabisa, baada ya wengine kukaa. Mafuko makubwa yakaachwa barazani kama ya kulipiwa. Tukaenda vizuri zaidi. Mara ya tatu tukaenda vizuri kuliko ya pili. Nusu saa, hata hivyo, hatukuiona. Na hapo hakuna aliyefagia, hakuna aliyetia mafuta.

Tukiwa katika ya nne gari likasimama getini, akashuka Bei-Chee mwenyewe. Kiguu alikuwa kamwalika, sisi hatukujua. Mtu mfupi, mchangamfu, viatu vinang'aa kama ilivyopasa.

"Nimeona viti nikasema hapa kuna msiba," akamwambia Breki.

"Bado," Breki akamjibu. "Ndio kwanza tunauandaa."

Kiguu akamkata jicho mjomba wake, kisha akamwambia bosi wake, "Umekuja wakati mzuri. Nyuma pamejaa, vimebaki viti vichache katikati. Pitia mbele, tafadhali. Panda kama abiria."

Akapanda akitabasamu, na nyuma yake akaja mwanamke mjamzito, na kinyozi na dada wa Mzee Viti na ndoo yake. Bei-Chee akafika usawa wangu. Nami, nakuambia kweli, safari hiyo nilikuwa nimejifunza, nilikuwa nimeshona mdomo na kuangalia mbele kama askari wa gwaride. Yeye ndiye aliyesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hujambo, mama yangu? Huyu Kiguu ni mjukuu wako? Umetulelea mtu hodari. Mimi mama yangu ana kanga kama hiyo hiyo..."

"Bosi," Kiguu akaita kutoka nyuma.

"Nakuja. Basi mama, siku ile alipo..."

"Bosi. Geuka."

Akageuka. Mjamzito alikuwa kashika kiuno. Kinyozi kasimama kwa mguu mmoja. Ndoo ilikuwa imewekwa chini katikati ya njia, na mwenye nayo kaikalia. Bei-Chee akawatazama wote mmoja mmoja, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa na mkono chunguni.

Wakaenda kuzungumza pembeni, karibu na mlango wa jikoni, na mimi nikakumbuka kwamba vikombe havijaoshwa.

"Watazoea," nilimsikia Bei-Chee akisema. "Tutatoa tangazo: salamu baadaye, kaeni kwanza."

"Toa. Halafu wewe uwe wa kwanza kumpita mzee kimya."

"Sikiliza, Kiguu. Safari sita ndiyo kampuni. Nne si kampuni, ni sadaka."

"Sita ni za kwenye karatasi. Uwanjani ni nne, na hizo mbili ni watu waliolala kwenye viti vya kusubiria wakikutukana. Wiki ya kwanza watakutukana, wiki ya pili watarudi kwenye basi. Basi likichelewa angalau wanaliona limesimama."

"Na bango? Watu wameshaisoma ile nauli."

"Bango libanduliwe. Bado tutakuwa chini ya wengine wote. Na nataka ngazi ya nyuma."

"Ngazi ya nyuma nimeifuta ili kupunguza gharama."

"Najua. Irudishe."

"Unajua niliuza viatu vipi?" Sauti yake ikapanda. "Kila mtu aliniambia haiwezekani."

"Kiatu hakisalimii, bosi."

Nikasugua kikombe kilichokuwa kisafi.

"Sita," akasema. "Usipoweka sahihi, Jumatatu usije."

"Nitakuja. Nitakuja na ratiba ya nne. Ukitaka kunifukuza, utanifukuza nikiwa nimeketi mbele yako."

Alipokuwa anatoka akanipitia. "Mama," akasema, "wewe ungepanda ndege yangu?"

"Ya asubuhi ningepanda," nikamjibu. "Ya jioni ningemwachia adui yangu."

Hakucheka. Akaondoka bila kunywa chai.

Viti vikapakiwa mkokotenini. Watu wakarudi makwao na mafurushi yao. Breki akabaki, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na mzaha.

"Weka sahihi, mwanangu," akamwambia Kiguu. "Ndege ikichelewa analaumiwa mwenye ndege. Na wewe una mtoto wa kusomesha na mama wa kutunza. Kazi si maembe, kwamba ikianguka hii unaokota ile."

Kiguu alikuwa anarudishia mabati ya uzio. Akaongea na msumari mdomoni. "Mjomba, kwa nini wanakuita Breki?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Kwa nini?"

Breki akanitazama, kana kwamba mimi nitamjibia. Nikamwangalia tu.

"Walinipa basi breki zake mbovu," akasema mwisho. "Wakasema nenda hivyo hivyo, utatengenezewa ukirudi. Nikawaachia ufunguo mezani."

"Wakakufanya nini?"

"Nilikaa nyumbani msimu mzima nikila kwa mama huyu hapa."

"Na alikusema?"

"Alinisema kwa kula sana. Kwa ufunguo hakunisema."

Kiguu akautoa msumari mdomoni akaupigilia. Breki akasimama, akamshikia bati.

Jumatatu Kiguu akatoka na koti lake la kung'aa mkononi. Mimi siku hiyo sikushika kazi ikakamilika. Nilifagia ua uliofagiwa, nikazunguka ile mistari ya majivu ambayo sikuwa na moyo wa kuifuta. Binti yangu, mama yake, akapiga simu, nikamwambia bado. Akapiga tena, nikamwambia bado, acha kuniuliza, unanipandisha presha.

Alirudi jua limelegea. Akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye jamvi, akaegemea ukuta.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nilifukuzwa asubuhi, nikaajiriwa mchana, na sikutoka kwenye kiti."

"Nimeshindwa. Chukua mji wowote, niambie."

Bei-Chee alimkuta amekaa nje ya ofisi, akamwambia hana kazi tena, aondoke. Yeye hakuondoka. Bei-Chee akaita mtu wa hesabu aweke sahihi badala yake, mtu wa hesabu akasema ya ndege haijui. Akamwita rubani mkuu. Rubani akaisoma ratiba, akasema haweki sahihi ya kazi ya mwingine, na mwenye kazi anamwona amekaa hapo nje. Basi ikafika mchana. Bei-Chee akatoka, akaketi kiti cha jirani na cha Kiguu, wakatazama ukuta pamoja.

"Akasema hivi, Bibi: 'Jana nilimpitia mama yangu. Nilitaka kuingia, nichukue kitu, nitoke. Nilitoka usiku.' Kisha akasema: 'Nne. Na ngazi yako ya nyuma. Lakini msimu ukiisha hatujafika tano, mimi na wewe tunauza viatu.'"

"Na mtafika tano?"

"Sijui," akasema. "Lakini nitaanzia pale penye ukweli."

Mabango yakabandikwa mengine juu yake, nauli ikapanda kidogo. Breki akasema sasa ni nauli ya basi na nusu, na hiyo nusu ndiyo mafuta. Watu wengi bado wanasema haitafika mbali, na wana sababu zao. Ndege ni moja, ikiugua hakuna ya pili. Wenye mashirika makubwa wanaweza kushusha bei msimu mmoja tu wakammaliza. Kiguu anayajua yote hayo. Nikimuuliza ananiambia, Bibi, mimi niulize ya chini, ya juu muulize rubani.

Siku ya kwanza nilisafiri mimi, kwenda kumwona binti yangu mdogo. Vijana walikwishaingia kwa nyuma. Sisi wazee tukaitwa. Kiguu alikuwa amesimama chini ya ngazi ya mbele na koti lake, jicho moja kwetu, jicho moja kwenye gari la mafuta. Nilikuwa na mkoba mdogo mmoja, na ndani ya kanga yangu, kwapani, furushi kidogo tu.

"Shikamoo, Bibi. Hicho nini?"

"Nimeagizwa."

"Kinalipiwa. Pale mezani."

"Mimi bibi yako."

"Ndiyo maana nakuonyesha meza ilipo."

Wazee wenzangu wakacheka. Nikaenda, nikalipa, furushi likachukuliwa. Niliporudi alinishika kiwiko nipande ngazi, na mkono wake ulikuwa na haraka. "Pita, Bibi, songa, unanichelewesha." Hajawahi kuniambia neno hilo maishani. Nikasonga.

Ndani, kinyozi alikuwa amekaa katikati, akainuka kuniamkia. Nikamwonyesha kiganja. "Marahaba, kaa. Ya mama utaniambia tukiwa juu." Breki alikuwa dirishani, kafunga mkanda kabla ya kuambiwa, midomo inasoma dua.

Mlango ukafungwa. Kupitia dirisha la Breki nilimwona Kiguu akitazama saa, akiitazama tena, kisha akinyanyua kidole gumba kwa rubani. Ng'ombe akaanza kutembea.